Karatasi Niliyomfupishia Mama Yako

Mwadime mwanangu,

Gari la kuhamisha vitu vyako linafika kesho saa tatu asubuhi. Mimi na wewe hatujawahi kuzungumza jambo zito tukiwa tumesimama mlangoni, kwa hiyo nimeona nikuandikie leo, Jumapili, baada ya ibada, wakati wewe uko huko juu unafunga maboksi. Nakusikia ukikata selotepu. Kila ukikata, kalamu yangu inasita.

Sitakuandikia habari za kulipa bili ya gesi wala za kufua shuka. Una miaka ishirini na saba na mikono miwili. Nakuandikia kuhusu karatasi ya Furaha, msichana wako.

Jumatano uliingia nayo jikoni, ukaitupa juu ya meza, karibu na kikombe changu. Kurasa nne, zimebanwa pembeni.

"Baba, hebu ona msichana alichoniletea. Hajahamia bado, na tayari ananiandalia mkataba wa kuachana."

Nikakuuliza mkataba umetoka wapi. Ukanieleza kwamba benki inayokukopesha pesa za nyumba ya Coventry ilimpelekea fomu atie sahihi, kwa kuwa naye ni mtu mzima atakayeishi humo. Furaha akaisoma yote. Mwishoni fomu ilimshauri amwone mwanasheria wake mwenyewe, naye akaenda kumwona. Mwanasheria akamweleza kwamba katika nchi hii ya Waingereza mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila ndoa, hata wakikaa miaka thelathini, sheria haiwahesabu kuwa mume na mke. Nyumba ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye hati, na mwingine ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba ana fungu lake. Fomu ya benki ameitia sahihi, maana sasa anajua inasema nini. Anachoomba ni karatasi ya pili, ya kati yenu wawili: atakachokitia katika nyumba kihesabiwe, mkiachana apewe miezi mitatu ya kutafuta pa kukaa, na mkipata mtoto mkae chini muandike upya.

Wewe ulicheka. Ukasema, "Mimi ni mwanamume, Baba. Sitamruhusu alipe hata senti moja ya nyumba. Mimi nitalipa benki, yeye atanunua chakula. Sasa anataka karatasi ya nini? Sisi hatuandikiani. Mpigie simu, mwambie kama mzee."

Uliyasema kwa Kiingereza, kama unavyonijibu siku zote. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu hayo ni maneno yangu, na nilipoyasema mara ya kwanza niliyasema kwa Kiswahili. Ulikuwa mdogo, ukichezea vifuniko vya sufuria sakafuni. Sikujua kwamba ulikuwa ukisikiliza.

Nilikuahidi kwamba nitafikiri kisha nikujibu. Jibu langu ni barua hii. Haitakupendeza.

Unanijua kama mkalimani. Watu wa Sparkhill na Sparkbrook wananijua hivyo pia, wananisimamisha Stratford Road mbele ya maduka ya nguo wanionyeshe barua za hospitali. Kabla ya hapo nilifundisha Kiswahili Voi, na nilipofika hapa nilibeba mizigo miaka miwili katika maghala ya Nechells, mpaka hospitali ikahitaji mtu wa kuwatafsiria Wakongo na Wakenya. Nilijifunza kanuni moja, nami niliishika kuliko nilivyoishika Biblia: usiongeze, usipunguze. Bibi mmoja wa Bukavu aliwahi kuniambia, daktari akiwa anampapasa tumbo, "Umwambie huyu mikono yake ni baridi kama ya maiti, na ndevu zake zinanuka kitunguu." Nikamwambia daktari yote mawili, kwa sauti ile ile, bila kutabasamu. Daktari alinawa mikono kwa maji ya moto. Bibi akanitazama kwa mshangao: "We! Na kitunguu umemwambia?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu.

Nilijivunia hadithi hiyo. Umeisikia mara nyingi mezani. Kuna nyingine ambayo hujaisikia.

Mimi na mama yako hatukufunga ndoa. Najua utashangaa. Umekua ukiwasikia watu wakimwita mke wangu, na mimi mwenyewe nikimwita hivyo. Tulichofanya ni mahari, tena tuliyafanyia sebuleni kwa rafiki yangu, Sparkbrook, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda Taita. Tulitafuta wazee miongoni mwa waliokuwapo. Aliyesimama kama mjomba wa mama yako alikuwa dereva wa basi, Mluhya, ambaye hakuwa na undugu wowote naye. Alikuja na sare ya kazi kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza saa nane. Lakini aliigiza vizuri mno! Alikataa kuketi. Alikataa chai. Alipoletewa mbuzi wa mjomba, ambaye alikuwa vipande ndani ya mfuko wa plastiki kutoka kwenye bucha, alifungua mfuko akachungulia, akasema, "Mbuzi gani huyu hana kichwa? Mnataka kutuambia binti yetu naye mtamchukua vipande vipande?" Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Wazee halisi walikuwa Taita, kwenye simu, na kadi ya simu ilikwisha kabla baba wa mama yako hajamaliza kutubariki. Tukasema amemaliza.

Siku hiyo tulijiona tumeoana kuliko watu waliovaa pete. Kasisi alituuliza mara mbili tutakwenda lini kuandikisha. Nilimjibu kwamba wazee wamekwisha kula, na kuandikisha ni desturi ya Waingereza. Mama yako alinitazama. Alitaka kwenda. Nililijua hilo siku ile ile.

Tukapanga nyumba, ukazaliwa, na ulipokuwa na miaka mitatu nikapata mkopo wa kununua hii tuliyomo. Mama yako alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, zamu za asubuhi na za mchana, na mshahara wake haukuwa mbali na wangu. Akasema tulipe benki pamoja. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nilimwambia kwamba kwetu mwanamume halipiwi nyumba na mwanamke. Yeye ashughulike na chakula, gesi, na nguo za mtoto. Nilidhani ni heshima, na kwa watu wetu ilikuwa heshima kweli, maana shemeji zangu walinisifu. Lakini pesa ya benki inaacha alama kila mwezi. Sukuma wiki haiachi alama. Kwa miaka tisa mama yako alitulisha, akakuvisha, akaipasha moto nyumba hii, na hakubaki na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alikuwapo.

Nasema hakubaki nayo. Moja ilikuwapo.

Ilikuwa fomu kama ile ya Furaha. Ilikuja kabla hatujapewa funguo. Mama yako alikuwa akikanda unga wa chapati, mikono yake nyeupe mpaka kwenye viwiko. Kiingereza cha kuzungumza na wale wazee wake alikijua vizuri, hata walimpenda kwa kicheko chake. Kiingereza cha wanasheria kilimshinda, naye hakuona haya kusema hivyo. Kwa nini aone haya? Mkalimani alikuwa mumewe.

"Baba Mwadime, inasema nini hiyo?"

"Ni ya benki. Wanataka kujua nani ataishi humo."

"Maneno yote hayo ni kuuliza hilo tu?"

"Wazungu huandika sana."

"Na jina langu halimo kwenye nyumba?"

"Linatafutwa la nini? Sisi hatuandikiani."

Akacheka kidogo, akapangusa mkono kwenye khanga, akatia sahihi. Jirani akashuhudia bila kuuliza kitu. Doa la unga lilibaki pembeni ya ukurasa.

Fomu ilisema nini, sasa nitakutafsiria bila kupunguza. Ilisema kwamba yeye ni mkaaji tu wa nyumba hiyo. Ilisema kwamba kama ana haki yoyote ndani yake, sasa au baadaye, haki hiyo inakaa nyuma ya haki ya benki. Na ilisema, kwa herufi nzito, kwamba asitie sahihi kabla ya kumwona mwanasheria wake mwenyewe, asiyehusiana na mwenye nyumba. Sentensi tatu. Mimi nilimpa nusu ya ile ya kwanza.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilifupisha kwa sababu ya haraka. Ni uongo. Nilifupisha kwa sababu nilijua kwamba akisikia neno "mwanasheria wake mwenyewe" atasimama, atanawa mikono, na kushikilia swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini jina langu halimo? Sikuwa na mpango wa kumdhulumu. Nilitaka tu nyumba iwe yangu, naye akae ndani yake akinishukuru. Mwanamume anaweza kulitaka jambo hilo na bado akajiona mwema, akatoa sadaka, akaongoza wimbo kanisani.

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili mama yako alichoka nami. Sitakueleza kila kitu, lakini hili unalikumbuka: nilimsahihisha mbele ya wageni. Kila mara nilimkata maneno akiwa katikati ya hadithi, nikamwonyesha alipokosea, kisha nikamwambia aendelee. Siku moja aliacha kuendelea. Wageni walipoondoka aliniambia, kwa upole, kwamba anataka kuondoka na kwamba tugawane.

"Tugawane nini?" nikamuuliza.

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, mwanangu. Baada ya miaka kumi na mitatu.

Alikwenda kwa mwanasheria. Akaulizwa cheti cha ndoa, akaeleza habari za dereva wa basi na mfuko wa nyama. Akaulizwa kama alilipia nyumba, akasema alinunua chakula. Akaulizwa kama kulikuwa na makubaliano yoyote ya maandishi. Mwanasheria wake akaniandikia barua, na mimi nikamjibu kwa Kiingereza safi ambacho mwalimu wangu angekipa alama zote. Nikaambatanisha nakala ya ile fomu. Mwanasheria yeyote angejua kwamba fomu hiyo ni ya kuilinda benki, haikuwa ya kumnyang'anya mwanamke fungu lake. Mimi pia nilijua. Lakini nilijua vilevile kwamba hana nguvu za kupigana miaka miwili mahakamani, na kwamba akiiona sahihi yake mwenyewe atakata tamaa. Ndivyo ilivyokuwa.

Alikuja kuchukua nguo zake Jumamosi asubuhi. Alisimama pale kwenye ngazi na kusema, "Leo nimesomewa yote. Yalikuwa maneno mengi kuliko uliyonipa."

Hakupaza sauti. Alipanda basi na masanduku mawili, akaenda kukaa kwa mwenzake wa kazini mpaka halmashauri ilipompa nyumba Nechells, ghorofa ya tisa, ile ambayo ulikuwa ukienda Jumapili na kurudi ukilalamika kwamba lifti inanuka.

Sasa inakuja sehemu ambayo nimeiandika na kuichana mara mbili.

Kulikuwa na njia moja ambayo sheria ingempa mama yako mlango wa kurudi humu. Kama wewe ungekuwa unaishi naye, angeweza kuiomba mahakama ampatie makao kwa ajili yako, mpaka ukue. Mwanasheria wangu alinieleza hivyo waziwazi. Wiki ile ile nilikununulia kompyuta, nikapaka chumba chako rangi ya bluu uliyokuwa ukiiomba tangu mwaka uliotangulia. Kisha nikakuuliza, mama yako akiwapo, unataka kuishi na nani. Ulikuwa mtoto. Ulisema unataka chumba chako.

Umekuwa ukisema kwa fahari kwamba ulinichagua mimi. Hukunichagua mimi. Na ile kompyuta haikuwa zawadi. Mama yako alijua, akanyamaza, kwa sababu hakutaka ujue kwamba ulitumiwa. Alikupa miaka kumi na mitano ya kunipenda bila doa. Mimi nimeipokea miaka hiyo yote na leo ndiyo siku ya kwanza kuirudisha.

Usifikiri kwamba sikujaribu kurekebisha. Mwaka jana, baada ya upasuaji wangu, nilikwenda kwa mwanasheria nikaandikisha hati za kumpa nusu ya nyumba hii. Zilihitaji sahihi yake. Nikazipeleka mwenyewe Nechells, lifti ikiwa imeharibika, nikapanda ngazi zote hizo. Alinikaribisha, akanipa chai, akauliza hali ya goti langu. Nilipoziweka hati mezani alizitazama bila kuzigusa.

"Mwalimu," akasema, maana siku hizi haniiti Baba Mwadime, "sitii sahihi kitu chochote kilichopita mikononi mwako."

"Mpe mwanasheria wako akusomee," nikamwambia.

"Nina nyumba ya halmashauri. Kodi nalipa mimi, jina ni langu, na hakuna anayenisahihisha humu ndani. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa chai. Hati ziko kwenye kabati langu, chini ya Biblia, na zimejaa sahihi ya mtu mmoja tu.

Ndiyo maana sikumpigia Furaha simu kumwambia kama mzee. Nilimwita aje. Alikuja Ijumaa, baada ya kazi, wewe ukiwa mazoezini, na alibaki amesimama pale pale ambapo mama yako alisimama, mkoba begani.

"Papa, kama ni kuniomba niache ile karatasi, uniambie sasa hivi. Sitakunywa hata chai."

Nikamwambia aketi, nikamsimulia yote uliyoyasoma hapa. Hakulia. Alikuwa akizungusha pete ya mkufu wake, na nilipomaliza akaiachia.

"Mwadime anajua?"

"Hajui."

"Basi umwambie yeye. Miye siwezi kuishi na mutu nikijua siri ya kwao, na yeye haijui." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Miye namupenda, Papa. Lakini kumupenda na kujua pa kulala ni vitu mbili."

Nimeyaacha maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili cha Wakongo wenzake. Sikumsahihisha.

Unasema karatasi ile ni ya watu wasioaminiana. Mama yako aliniamini, mwanangu. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini mwingine kuliko yeye alivyoniamini siku ile, mikono ikiwa na unga. Kama angeniamini kidogo tu chini ya hapo, angekuwa na pa kukaa. Unasema vilevile kwamba wewe si mtu wa kumfukuza mwanamke. Hata mimi sikuwa. Nilikuwa mwalimu, mkalimani, mzee wa kanisa. Karatasi kama ile haiandikwi kwa ajili ya siku mnapopendana. Inaandikwa na watu wanaopendana, kwa ajili ya siku ambayo mmoja wao atakuwa na hasira na funguo.

Tazama anachokiacha. Chumba chake cha halmashauri, kule Sparkbrook, alikisubiri miaka mitatu. Akirudisha funguo zake hatakipata tena. Wewe unaacha nini? Unaacha chumba cha bluu ambacho mlango wake utabaki wazi. Yeye atanunua chakula, wewe utalipa benki, na baada ya miaka kumi wewe utakuwa na nyumba na yeye atakuwa amewahi kupika. Ulinieleza mpango huo kwa kiburi, ukitarajia nikupigie makofi. Nilitazama sakafu.

Kabla hajaondoka Ijumaa, aliniuliza. "Papa, niende ama nisiende?"

Nikamwambia asiende. Nikamwambia asirudishe funguo zake, asipeleke Coventry hata kikombe, mpaka karatasi ile iwe na sahihi mbili, na yako iwe imetiwa baada ya mwanasheria wako mwenyewe kukueleza unatia sahihi nini. Alinishukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kunishukuru kwa tafsiri kamili katika nyumba hii.

Kwa hiyo kesho gari litapakia vitu vyako tu. Furaha hatakuja. Usimpigie kumkaripia, kwa kuwa aliyemzuia ni mimi, na kama una matusi nitafute mimi. Nitayapokea yote, na kitunguu chake. Nenda Coventry. Keti kwenye sakafu ya nyumba yako, ambayo haitakuwa na kiti, usome kurasa zile nne mpaka mwisho, hata pale zinapokuudhi. Hapo ndipo uzisome mara mbili. Ukikubali, tia sahihi kisha umwite. Na kama hukubali, usimwache akisubiri huku akitumaini. Mwambie wewe mwenyewe, kwa maneno yote, wakati bado ana funguo zake mkononi.

Ukipita Nechells, kamsalimu mama yako. Usimwambie kwamba nimekwambia. Atajua mara tu utakapoingia.

Mimi baba yako, ninayebaki na nyumba.